"Una swali lolote kwetu?": Namna ya kuuliza kwenye usaili wa kazi

Kila zinapotangazwa nafasi nyingi za kazi kwa mkupuo, mjadala uleule unarudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anauliza: jopo likishamaliza na kuniambia "una swali lolote kwetu?", nijibu nini? Majibu yanamiminika, na yanapingana. Mmoja anasema usiulize kitu, shukuru utoke. Mwingine anasema asiyeuliza kafeli. Wa tatu anabandika orodha ya maswali thelathini yaliyotafsiriwa na mashine. Wa nne anaapa kwamba ukitaja mshahara tu, jina lako linakatwa palepale. Kesho yake kijana anaingia chumba cha usaili na yote manne kichwani, na swali likija anatabasamu na kusema, "Hapana, asanteni, nimeridhika."

Kila mmoja wa hao washauri anasema kweli kuhusu usaili alioufanya yeye. Aliyesailiwa na taasisi ya serikali na aliyesailiwa na mwenye duka la jumla Kariakoo hawakuwa mbele ya watu wa aina moja, wala hawakuulizwa swali hilo kwa sababu moja. Ushauri wa mmoja ukipewa mwingine unaharibu.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Usaili, ambao wengi tunauita intavyu, ni mazungumzo ya mwajiri na mwombaji kabla ya uamuzi. Jopo ni wale wanaokusaili, wawe wawili au saba. Mshahara ghafi ni kiasi kinachoandikwa kwenye mkataba kabla ya makato; mshahara wa mkononi ni kile kinachoingia kwenye akaunti yako mwisho wa mwezi. Kipindi cha majaribio, au matazamio kama wanavyosema serikalini, ni muda wa kupimana kabla hujathibitishwa kazini.

Na swali zuri je? Kipimo changu ni kimoja. Swali ni zuri kama jibu lake litabadilisha kitu: utakubali kazi, utaikataa, utaomba jambo lirekebishwe, au utajiandaa tofauti. Kama jibu lolote watakalotoa litakuacha palepale ulipokuwa, hilo ni pambo, na watu waliokaa kwenye majopo miaka mingi wanalitambua pambo kabla hujalimaliza. "Maono ya kampuni kwa miaka kumi ijayo ni yapi?" Utayafanyia nini hayo maono, wewe unayeomba kazi ya karani wa stoo?

Mtu akienda kupanga chumba Tabata au Mbagala, hakuna anayemfundisha maswali. Anauliza LUKU ya umeme ni ya peke yake au wanachangia, maji yanatoka siku zipi, kodi ni ya miezi mitatu au sita, na mwenye nyumba anaishi humohumo au yuko mbali. Hamuulizi mwenye nyumba falsafa yake ya upangishaji. Anauliza kwa sababu ni yeye atakayelala pale. Mtu huyohuyo, akienda kutafuta mahali atakapokaa saa tisa kwa siku, anaona aibu kuuliza lolote.

Uliza yaliyotokea, usiulize sifa

Kosa linalojirudia zaidi ni kuuliza maoni. "Mazingira ya kazi hapa yakoje?" Jibu unalijua kabla hujauliza: mazuri, sisi ni kama familia. Ulitegemea waseme nini? Swali linaloomba sifa litapewa sifa. Swali linaloomba tukio litapewa tukio, au kimya, na vyote viwili vina habari.

Chukua mfano wa msichana anayeomba kazi ya mhasibu msaidizi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mbele yake wamekaa meneja na mhasibu mkuu. Maswali yao yameisha.

— Naomba kufahamu jambo moja. Nafasi hii ni mpya, au kuna mwenzetu aliyekuwa nayo?

— Kulikuwa na mtu. Aliondoka.

— Alikaa muda gani?

Meneja anamtazama mhasibu mkuu. — Miezi minne. Na wa kabla yake naye hakukaa sana.

Hapo hapana ushahidi wa ubaya wowote. Huenda wawili hao walipata kazi nzuri zaidi, huenda hawakuwa waaminifu. Ila msichana ana kitu mkononi ambacho swali la "mazingira yakoje" lisingempa, na swali la tatu linajileta lenyewe: "Kwa mlivyoona kwa hao wawili, anayekuja anahitaji kuwa na nini ili adumu?" Sasa meneja anaeleza kwamba hesabu za stoo huwa hazilingani na za kaunta, kwamba mzigo hupungua, na kwamba waliotangulia walishindwa kuisimamia stoo. Kazi iliyotangazwa kama ya uhasibu kumbe ina ulinzi wa stoo ndani yake.

Kutoka hapo, swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote: "Mzigo ukipungua, mnalishughulikiaje?" Kuna sehemu jibu ni "tunakata kwenye mshahara", likisemwa kama jambo la kawaida kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikuliacha hilo mikononi mwa bosi. Kukata mshahara kufidia hasara kunahitaji makubaliano ya maandishi, hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Huna haja ya kulisoma hilo mbele ya jopo. Ukilisikia jibu, unajua unaingia wapi.

Mbinu hiyo inafaa karibu kwenye kila jambo. Usiulize kama kuna nafasi ya kupanda cheo. Uliza mtu wa mwisho kupandishwa katika idara hiyo alianzia wapi. Usiulize kama wanajali mafunzo; uliza mara ya mwisho mfanyakazi wa nafasi kama yako alipelekwa mafunzo gani. Kwa kazi za mauzo, ambako kila kitu ni tageti na kamisheni, uliza mwezi uliopita timu ilikuwa na watu wangapi na wangapi walifikia tageti. Anayekuonyesha kamisheni ya laki tano atakuonyesha ya muuzaji bora. Wewe unataka kujua wa katikati anapata nini.

Swali la mshahara, lililojaa uvumi

Uvumi unasema kuuliza mshahara ni tamaa. Ninaukataa. Mshahara ni nusu ya makubaliano. Nusu nyingine ni kazi yako. Kinachowakera wasaili ni mpangilio: mtu hajaeleza anaweza kufanya nini, tayari anauliza atalipwa nini na likizo inaanza lini. Kwenye usaili wa kwanza, kama wao hawajagusia, unaweza kusubiri. Wakiugusia, au mkifika hatua ya kupewa kazi, kunyamaza si adabu tena. Ni hasara.

Na hapo swali lenye maana ni moja ambalo wengi hawaliulizi: kiasi hicho ni ghafi au cha mkononi?

Tuseme umeambiwa laki nane. Kama ni ghafi, kwanza unatoka mchango wa hifadhi ya jamii. NSSF inachangiwa asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi kwa kawaida ni asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. Kuanzia hapo hadi 520,000 unalipa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zinazobaki 200,000 zinakatwa asilimia 20, yaani 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Mkononi unabaki na 660,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, toa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000, na unaondoka na 540,000.

Kutoka laki nane hadi laki tano na arobaini. Mtu anayekaa Chanika akifanya kazi Masaki, nauli ikiwa juu yake, ana sababu zote za kuijua hesabu hii kabla ya kusema ndiyo. Kenya majina ni tofauti, kuna bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 juu ya NSSF na kodi, lakini swali la kuuliza ni lilelile.

Ukiulizwa wewe kwanza, "unategemea kulipwa kiasi gani?", hakuna ubaya kurudisha swali kwa upole: "Ningependa kwanza kufahamu kama nafasi hii ina kiwango mlichokipanga, na kama ni kabla au baada ya makato." Wengine watakutajia. Wengine watasisitiza uanze wewe, basi uwe na namba yako, umeipiga hesabu nyumbani.

Nani aulizwe nini

Jopo si mtu mmoja. Afisa rasilimaliwatu anajua mkataba, bima, likizo na urefu wa kipindi cha majaribio. Atakayekuwa bosi wako wa moja kwa moja anajua kazi yenyewe: siku inaanzaje, ripoti zinaenda kwa nani, kitu gani kimelala mezani kinamsubiri mtu mpya. Mkurugenzi, kama yupo, anajua fedha zinatoka wapi, na kwenye shirika linaloishi kwa mradi wa wafadhili swali hilo ni la msingi sana: mradi unaisha lini, na mkataba wangu unafuata mradi? Ukimuuliza mkurugenzi siku za likizo, au ukamuuliza afisa rasilimaliwatu programu gani inatumika kwenye mahesabu, umepoteza nafasi yako na umewapa kazi ya kutazamana.

Kwa walio kwenye benki, kampuni za simu na vituo vya huduma kwa wateja liko swali la ziada, na mimi naliweka juu kabisa: mwajiri wangu atakuwa nani? Watu wengi huvaa fulana ya kampuni kubwa huku mkataba wao ni wa wakala aliyewaleta. Hilo si kosa kwa lenyewe, ila siku ya kudai likizo, bima au kuthibitishwa, utapigwa danadana kati ya ofisi mbili. Jina linaloonekana juu ya mkataba ndilo la kuuliza, wala si jina lililo kwenye jengo.

Serikalini mambo ni mengine

Usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma una utaratibu wake. Kwa kawaida kuna mchujo wa kuandika, kwa kada nyingine kuna usaili wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Jopo lina maswali yaliyoandaliwa na alama za kujaza, na foleni ya wasailiwa iko nje. Mshahara haujadiliwi humo: tangazo lilishasema ni ngazi gani, TGS D au nyingine, na hakuna mjumbe wa jopo mwenye uwezo wa kuongeza hata senti. Kituo cha kazi nacho hupangwa baadaye. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuuliza, maswali mawili matatu ya mkataba uliyoyasoma kwenye makala kama hii hayana pa kwenda.

Je, unyamaze? Unaweza, na hutapoteza kitu. Ukitaka kuuliza, uliza la kazi: "Kwa kada hii, mtumishi mpya huanza kwa kusimamiwa na nani kituoni?" Au la utaratibu, kama jambo halikueleweka. Moja linatosha. Hapa ndipo wale wa "usiulize, shukuru utoke" walipopata ushauri wao, na kwa mahali hapa hawajakosea sana.

Adabu na woga

Kuna jambo ambalo orodha zilizotafsiriwa haziligusi. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa huuliza na mdogo hujibu. Darasani ni hivyo, nyumbani ni hivyo. Mbele ya jopo la watu wenye umri wa wazazi wako, ambao pengine umeingia ukiwaambia shikamooni, kuwageuzia swali kunaonekana kama kuwahoji. Nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya "nimeridhika", kuliko kukosa maswali.

Lugha yetu ina njia nyingi za kupita hapo bila kuvunja kitu. "Naomba kuuliza." "Ningependa kufahamu." "Kama hamtajali, ningeomba mnifafanulie kidogo." Anza na kitu walichokisema wenyewe: "Mmesema mnatarajia kufungua tawi Dodoma, je, nafasi hii itabaki hapa au itahamia huko?" Swali la namna hiyo linaonyesha kwamba ulikuwa unasikiliza, na hakuna mzee anayekerwa na kijana aliyemsikiliza. Tofauti iko hata kwenye maneno yenyewe: "kwa nini hamlipi nauli?" ni mashitaka, "usafiri wa wafanyakazi mnaupangaje?" ni kuuliza, na jibu ni lilelile.

Idadi nayo ina uvumi wake. Kuna wanaosema lazima yawe matano. Hapana. Mengi hujibiwa katikati ya mazungumzo, na kuuliza kilichokwisha kusemwa ni kibaya kuliko kunyamaza. Andaa manne au matano, uliza mawili. Yaandike kwenye kidaftari. Kufungua daftari mbele ya jopo si aibu, kutazama simu ndiyo aibu. Na kama yote yamejibiwa, sema hivyo kwa kutaja: "Nilikuwa na swali kuhusu kipindi cha majaribio na jingine kuhusu zamu, mmeshayajibu yote." Hiyo ni tofauti kabisa na "sina".

Swali moja ningekushauri uliache nyumbani ni "mmenionaje, nimefaulu?" Wenyewe hawajaamua, na hata kama wameamua, wajumbe hawawezi kukuambia mbele ya wenzao. Badala yake uliza hatua inayofuata ni ipi na majibu yanategemewa lini. Tarehe hiyo itakuepusha kupiga simu kila baada ya siku mbili.

Jibu la mdomo na karatasi

Yote uliyojibiwa chumbani ni maneno mpaka uyaone yameandikwa. Sheria ileile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri, unapoanza kazi, akupe maelezo ya maandishi yenye kazi yako, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Ukiitazama orodha hiyo, karibu ni maswali uliyokuwa unaogopa kuyauliza. Mengine tayari yana kiwango cha chini ambacho mwajiri hawezi kushuka chini yake: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, likizo ya mwaka ya siku 28 zikihesabiwa na sikukuu zilizomo. Kwa hayo swali lako haliwi "je, mnatoa likizo?" bali "likizo mnaipangaje, kwa zamu au wote mnafunga Desemba?"

Kipindi cha majaribio kiulize kwa umakini zaidi. Tanzania Bara kanuni za mwaka 2007 zinataka kiwe cha muda unaostahili na kisizidi miezi 12; Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ni miezi 6, na kinaweza kurefushwa kwa ridhaa ya mfanyakazi hadi jumla ya 12. Tanzania Bara, ambaye hajafikisha miezi sita kazini halindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali. Kwa hiyo "majaribio ni miezi mingapi, tathmini inafanywa lini, na nani anaifanya?" ni maswali matatu ambayo mtu mwenye kazi nyingine mkononi hapaswi kuiacha kazi hiyo kabla hajayapatia majibu.

Mkataba ukija, uweke pembeni ya kidaftari chako ulinganishe. Waliposema bima ni ya familia, je, karatasi inasema hivyo, au imeandikwa mfanyakazi tu? Waliposema Dar es Salaam, je, kuna kifungu kinachoruhusu wakuhamishie mkoa wowote? Kisicholingana kiulizie kabla ya kusaini, kwa ujumbe mfupi wa maandishi wenye heshima, ili jibu nalo libaki kwenye maandishi. Na kama kuna kifungu hukielewi, hasa mkataba ukiwa wa Kiingereza cha kisheria, omba ufafanuliwe. Sheria inamwajibisha mwajiri ahakikishe umeelezwa maelezo hayo kwa namna unayoielewa. Nakala moja ibaki kwako. Mkifikishana mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo ya maandishi, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai mlikubaliana.